Fomu Inayomkubali Ng'wandu

Ukitaka kujua kama programu imetengenezwa na fundi au na mtu aliyekuwa na haraka, iandikie jina Ng'wandu. Nyang'au litafaa pia, au jina lolote la kwetu lenye ritifaa katikati. Liandike kwenye kisanduku cha fomu, bonyeza kitufe cha kuhifadhi, kisha tazama kinachotokea.

Programu ya kwanza itaanguka. Itakutolea mistari ya Kiingereza kisichosomeka, na yote uliyokwisha kuyajaza yatapotea. Chanzo chake ni kidogo mno. Hifadhidata nyingi huagizwa kwa lugha ya SQL, na katika lugha hiyo ritifaa ndiyo inayofungua na kufunga maneno. Aliyeandika programu ameliunga jina moja kwa moja ndani ya agizo, kwa hiyo ritifaa ya Ng'wandu inafunga maneno baada ya herufi mbili tu, na "wandu" inasalia nje, hifadhidata isijue iifanye nini. Mwizi anayelifahamu pengo hilo ataandika agizo lake mwenyewe mahali pa jina, nalo litatekelezwa.

Programu ya pili haianguki. Inasema: "Jina lina alama zisizoruhusiwa." Kwangu mimi hii ni mbaya kuliko ile ya kwanza. Aliyeitengeneza aliiona hatari, akaielewa, kisha akaamua mzigo aubebe Ng'wandu. Naye ataandikwa Ngwandu hapa na Ng wandu kule, na siku atakapopeleka cheti na kitambulisho mahali pamoja ataambiwa hao ni watu wawili.

Programu ya tatu inalipokea jina na kuendelea na kazi. Ndani yake agizo limetangulia kwenda kwenye hifadhidata likiwa na nafasi tupu, na jina limefuata peke yake, likichukuliwa kuwa data na si kitu kingine. Njia hii ni ya zamani, ipo katika karibu kila lugha ya programu inayotumika leo, na haimgharimu mwandishi zaidi ya mstari mmoja. Lakini aliyekomaa hatosheki hapo. Anajua kwamba baadhi ya simu huandika ritifaa iliyopinda, na kibodi ya kaunta huandika iliyonyooka, kwa hiyo mteja aliyejisajili kwa simu ya namna hiyo hataonekana karani atakapomtafuta kwenye kompyuta. Basi hulihifadhi jina kama mwenyewe alivyoliandika, na pembeni huweka nakala ya kutafutia ambamo ritifaa zote zimefanywa za aina moja, herufi kubwa zimekuwa ndogo, na nafasi za ziada zimeondolewa. Ng'wandu hatajua kamwe kwamba kuna mtu aliyekaa akamfikiria hivyo.

Watu wa namna hiyo ndio ninaotaka kuwasifu. Miongoni mwa watengeneza programu, fomu, vidirisha vya kuuliza na majedwali ni kazi ya kumpa kijana aliyeajiriwa juzi. Sifa huenda kwa wanaofundisha mashine kuzungumza. Lakini ingia benki, zahanati, ofisi ya mhasibu wa shule au kaunta ya kukata tiketi za basi, utazame skrini iliyo mbele ya karani. Utakuta visanduku vya kujaza, jedwali la yaliyokwisha kujazwa, na mara kwa mara kidirisha kinachojitokeza kuuliza kama una uhakika. Kompyuta ambayo watu wengi hukutana nayo kazini ni hiyo, na ubora wa siku yao hutegemea kama aliyeitengeneza alikuwa fundi.

Umbo lenyewe la fomu lina umri. Mwaka 1971 kampuni ya IBM ilitoa kituo cha skrini kilichoitwa 3270, na humo fomu ilikuwa tayari imekamilika kimawazo. Skrini iligawanywa katika sehemu zilizofungwa, ambazo ni maandishi ya kuongoza, na sehemu zilizo wazi za kujaza. Kitufe kimoja kiliruka kutoka nafasi moja wazi hadi nyingine. Mjazaji alisahihisha makosa yake palepale mezani, na kompyuta kubwa haikusumbuliwa mpaka abonyeze kitufe cha kutuma, ndipo aliyoyajaza yakaondoka kwa mkupuo mmoja. Fomu za kwenye vivinjari, zilizowekewa kanuni rasmi katika HTML 2.0 mwaka 1995, zilifuata mpango huohuo. Katikati alipita Mmarekani Alan Cooper, aliyetengeneza chombo cha kuchora skrini kwa kuburuta vifaa kwa kipanya, akakiuza kwa Microsoft mwaka 1988. Kikaunganishwa na lugha ya Basic, na mwaka 1991 kikatoka kikiitwa Visual Basic. Kuanzia hapo kuchora fomu kukawa kazi ya dakika chache. Kuifanya imfae mtu kukabaki kugumu vilevile.

Chukua namba ya simu. Fomu ya mvivu inaamuru: "Weka tarakimu kumi bila nafasi." Mwandishi wake ana mashine inayoweza kufuta nafasi milioni kwa nukta moja ya saa, na bado anamtuma mtu mzima mwenye miwani akazifute kwa kidole. Jon Postel, mmoja wa waliojenga misingi ya intaneti, aliandika mwaka 1980 kanuni kwamba programu iwe kali katika inachotoa na iwe laini katika inachopokea. Alikuwa akizungumzia kompyuta zinazowasiliana, lakini sijaona shauri bora kwa mtengeneza fomu. Mteja aandike 0700 000 000, au +255 700 000 000, au aunganishe kwa vistari. Programu itazikusanya tarakimu, itaitambua nchi, na itahifadhi kwa sura moja. Tena itaihifadhi kama maandishi. Namba ya simu haijumlishwi wala haigawanywi, na ukiiweka kwenye safu ya tarakimu za hesabu sifuri ya mbele inadondoka. Kila aliyewahi kufungua orodha ya wateja katika Excel akakuta namba zote zimepungukiwa na tarakimu moja anajua ninachosema. Wanasayansi wa jenetiki walifika mbali zaidi: mwaka 2020 ilitangazwa kwamba jeni kadhaa zimebadilishiwa majina, MARCH1 ikawa MARCHF1, kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza majina hayo kuwa tarehe za mwezi Machi.

Saa nayo ina mtego wake, na huu ni wetu wenyewe. Mgonjwa anaambiwa achague muda wa kuonana na daktari. Anachagua 3:00, akimaanisha saa tatu asubuhi, naye amepangiwa usiku wa manane au alasiri. Miongozo mingi ya kigeni haitamwonya mtengenezaji juu ya hili. Anayejua mahali alipo hataacha kisanduku kitupu. Ataweka orodha ya nafasi zilizopo, kila moja ikisomeka "saa 3 asubuhi (9:00)", na baada ya kuchagua atamrudishia mgonjwa sentensi nzima: siku gani, tarehe gani, saa ngapi, kwa maneno. Mtu akisoma sentensi huligundua kosa ambalo tarakimu zilimficha.

Halafu kuna suala la wakati wa kumkosoa mjazaji, ambalo naliona kuwa kipimo cha adabu ya programu. Zipo fomu zinazogeuka nyekundu mara tu unapoandika herufi ya kwanza ya barua pepe yako, kwa kuwa herufi moja si anwani kamili. Zipo nyingine zinazonyamaza mpaka mwisho, kisha zinakwambia "Kuna makosa" bila kusema wapi, na zimekwisha kufuta nenosiri na picha uliyopakia. Mwendo wa fundi ni huu: mwache mtu aandike, mkague anapotoka kwenye kisanduku, weka ujumbe chini ya kisanduku hichohicho, na akirudi kusahihisha ujumbe uondoke papo hapo kosa linapoisha, usisubiri atoke tena. Akibonyeza kutuma kukiwa na kosa, mpeleke kwenye kisanduku cha kwanza chenye tatizo. Ujumbe wenyewe uwe na msaada ndani yake. "Tarehe ya kuzaliwa haiwezi kuwa baada ya leo" ni bora kuliko "Tarehe batili" mara kumi.

Kuna makosa ambayo fomu inaweza kuyajua bila kumuuliza mtu yeyote. Hans Peter Luhn wa IBM aliomba hataza mwaka 1954 kwa hesabu ndogo ambayo hadi leo imo ndani ya kadi za benki na katika IMEI, ile namba ya tarakimu 15 inayotokea ukipiga *#06#. Anza kulia, kila tarakimu ya pili izidishe mara mbili, na ikipita tisa toa tisa, jumlisha zote. Jumla isipogawanyika kwa kumi, namba imekosewa. Tarakimu moja ikikosewa popote, hesabu hiyo itashtuka. Mbili zinazofuatana zikibadilishana nafasi, itashtuka pia, isipokuwa ni 0 na 9. Kivinjari kinaweza kuifanya kabla hata mtandao haujaguswa, kwa mistari isiyozidi kumi ya programu. Napenda hesabu hii kwa sababu ilibuniwa kwa ajili ya watu wanaonakili kwa mkono wakiwa wamechoka, na hailaumu mtu.

Tatizo lililo zito kuliko yote ya fomu halionekani kwenye skrini. Mzazi analipa ada ya shule kwa simu. Mtandao unasuasua. Amebonyeza "Lipa", hakuna dalili, anabonyeza tena. Je, amelipa mara moja au mbili?

Jibu la haraka ni kukizima kitufe baada ya kubonyezwa mara ya kwanza na kuandika juu yake "Inatuma". Ni vizuri kufanya hivyo, na mafundi wote hufanya, ila hakutoshi, maana mzazi anaweza kuufunga ukurasa na kuufungua upya, au jibu likapotea njiani hali malipo yamekwisha kupita. Hatua ya pili ni kwamba seva ikishapokea fomu haijibu palepale. Inakielekeza kivinjari kwenye ukurasa mwingine wa risiti, ili mtu akiuonyesha upya ukurasa huo asiitume fomu tena. Desturi hii watu wa tovuti wanaijua vizuri. Hatua ya tatu ndiyo inayonipendeza. Fomu inapofunguliwa hupewa namba yake ya siri, isiyofanana na ya fomu nyingine yoyote. Malipo yanapoandikwa, namba ile huandikwa pamoja nayo, na hifadhidata huwa imeagizwa isikubali namba moja mara mbili. Ombi la pili likija na namba ileile, seva haitozi wala haigombi; inamrudishia mzazi risiti ya malipo ya kwanza.

Na humo ndani mna undani mwingine. Mwanafunzi wa kazi hii ataandika: angalia kwanza kama namba ipo, na kama haipo, iandike. Itafanya kazi mezani kwake siku zote. Lakini maombi mawili yakifika kwa pamoja, yote mawili yataangalia, yote mawili hayataikuta, na yote mawili yataandika. Fundi haangalii kwanza. Anaandika moja kwa moja na kuiachia hifadhidata imkatalie wa pili, kwa kuwa yenyewe ndiyo pekee inayoweza kuwapanga wawili waliofika mlangoni sekunde ileile. Na jibu lisipopatikana kabisa, ujumbe wake unasema kweli: "Bado hatujapata jibu la benki. Usilipe tena, tunafuatilia." Ni programu chache zenye ujasiri wa kukiri hivyo.

Ukitaka kuyaona mengi ya haya yakiwa pamoja, nenda kwa watu wa takwimu za afya. Tanzania Bara, zahanati na vituo hujaza vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za afya, kwa kalamu, na jumla za kila mwezi huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Mfumo huo unasimamiwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, lakini mizizi yake iko Afrika Kusini katika miaka ya 1990, na Kenya iliusambaza nchi nzima kupitia intaneti mwaka 2011. Waliojenga sehemu yake ya kuingiza takwimu walimjua anayeitumia: mtu mwenye karatasi mkono wa kushoto, anayepiga tarakimu kwa mkono wa kulia, kwenye mtandao usioaminika. Ndiyo maana fomu inaweza kupangwa ifanane na karatasi yenyewe, mstari kwa mstari, ili jicho lisitafute. Kila kisanduku hujihifadhi unapotoka, kikageuka kijani, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya ukurasa hupotezi kilichotangulia. Mtandao ukikatika, tarakimu hutunzwa ndani ya kivinjari mpaka urudi. Ukiandika kuwa watoto 840 wamechanjwa mahali ambapo kwa kawaida huchanjwa 80, utaonywa kwamba umetoka nje ya kiwango kilichozoeleka; na ukitaka kujua, unakifungua kisanduku na kidirisha kinakuonyesha takwimu za miezi iliyopita. Hakikwambii umekosea. Kinakuwekea mezani ushahidi, wewe ndiwe uliyeshika karatasi.

Kidirisha cha namna hiyo ni adimu. Vingi ni vya kukera, na tangu mwanzo palikuwa na watu waliovipinga. Larry Tesler, aliyefanya kazi katika maabara ya Xerox huko Palo Alto na baadaye Apple, alichukia hali yoyote inayomfungia mtumiaji njia mpaka ajibu swali la mashine. Alichukia kiasi kwamba bamba la gari lake liliandikwa maneno ya kupinga hali hizo, NO MODES. Ni yeye pia aliyekuwa akiwaketisha watu wasiowahi kugusa kompyuta mbele ya Lisa, mashine ambayo Apple iliitoa mwaka 1983, na kuwatazama wakihangaika. Katika vidirisha vya Lisa kitufe cha kukubali kiliandikwa "Do It". Baadhi ya waliojaribu walikasirika bila sababu kujulikana, mpaka mmoja akauliza kwa nini mashine inamwita "Dolt", yaani mpumbavu; nafasi kati ya maneno ilikuwa finyu mno. Kikabadilishwa kikawa "OK". Kosa kama hilo aliyechora kitufe asingeliona maishani, kwa kuwa yeye anajua alichoandika. Anayeliona ni aliyekaa nyuma ya mgeni akanyamaza.

Sisi tunalo letu. Mteja anataka kughairi oda. Kidirisha kinatokea: "Unataka kughairi oda hii?" Chini kuna vitufe viwili, "Sawa" na "Ghairi". Nimewaona watu wenye shahada wakisimamisha kidole hewani hapo. Tiba yake ni kuandika juu ya kitufe kile kitakachotendeka: "Futa oda" na "Iache". Mtu asiyesoma swali kabisa, na wengi hatulisomi, bado atachagua sawasawa.

Hatulisomi kwa sababu limezidi. Programu ikiuliza "Una uhakika?" kila mara, kidole hujifunza kujibu kabla ya akili, na siku ya kosa la kweli kidole kitatangulia vilevile. Kwa hiyo fundi hujiuliza kama jambo linaweza kurudishwa. Kama linaweza, haulizi, anatenda, kisha anaonyesha kwa sekunde chache mstari mdogo chini ya skrini: "Barua imefutwa. Rudisha." Kwa mtumiaji ni wepesi mtupu. Kwa mwandishi ni kazi ya siku kadhaa, kwa kuwa kilichofutwa hakijafutwa kweli. Kimewekewa alama na tarehe, kila orodha na kila jumla imefundishwa kukiruka, na kuna kazi ya usiku itakayokiondoa muda wake ukifika. Swali la "Una uhakika?" lingeandikwa kwa mstari mmoja.

Lisiloweza kurudishwa ndilo lenye haki ya kukusimamisha, na hata hapo kidirisha kije na jambo usilolijua. Menyu za kutuma pesa kwa simu zinazokuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa haijatoka zimefanya hivyo kwa ustadi: namba uliandika mwenyewe, kuirudia mbele yako kusingesaidia, lakini jina la mtu usiyemfahamu linakushtua.

Kwenye vivinjari, kidirisha kina kazi nyingine ya mikono ambayo mwenye macho na kipanya haioni. Kikifunguka, kishale kihamie ndani yake. Kitufe cha Tab kizunguke humohumo, kisitoroke kwenda kwenye ukurasa uliofunikwa. Esc ikifunge. Kikifungwa, kishale kirudi kwenye kitufe kilekile kilichokifungua, ili kipofu anayesomewa skrini asijikute ametupwa mwanzo wa ukurasa. Kwa miaka mingi ilibidi kila timu iyajenge haya upya kwa mkono, na nyingi hazikuyajenga. Kipengele cha dialog kinachoyabeba mengi ya hayo chenyewe kiliingia Chrome mwaka 2014, na ilibidi kusubiri hadi Machi 2022 ndipo Firefox na Safari zikawa nacho. Kijana anayeanza kazi leo anakipata bure na hajui kilichotangulia, na sioni ubaya.

Jedwali linaonekana jepesi kuliko vyote. Ni mistari na safu tu. Mwanzo ni kuzipanga tarakimu ziegemee kulia, ili mamia yakae chini ya mamia na jicho lipime ukubwa kwa urefu. Ni jambo ambalo wahasibu wa daftari walilijua tangu zamani na programu nyingi zimelisahau. Kisha ni kupanga mistari. Ukibonyeza kichwa cha safu na kuona Chumba 1, Chumba 10, Chumba 11, ndipo Chumba 2, ujue mashine imelinganisha herufi kwa herufi na hakuna aliyeiambia kwamba mle ndani mna namba.

Lakini hebu tukae kidogo kwenye mpangilio, maana hapa kuna kisa ninachokipenda. Mwalimu ana jedwali la matokeo. Amelipanga kwa majina, kisha akabonyeza safu ya alama. Wanafunzi watano wana alama 72. Anatarajia watano hao wabaki wamefuatana kwa majina kama walivyokuwa, na ana haki. Njia ya kupanga inayotunza hivyo huitwa tulivu. Njia maarufu ya Tony Hoare iliyochapishwa mwaka 1961, Quicksort, ina mbio sana lakini kwa kawaida si tulivu. Watano wale wanaweza kutoka wamevurugika. Injini ya V8, inayoendesha lugha ya JavaScript ndani ya Chrome, ilikuwa ikiitumia Quicksort kwa orodha zenye zaidi ya vitu kumi, na kwa orodha fupi ilitumia njia nyingine ambayo ni tulivu. Fikiria basi mtengenezaji aliyejaribu jedwali lake kwa wanafunzi wanane wa kubuni. Lilikaa sawa, akalipeleka shuleni, darasa la wanafunzi 45 likavurugika, akaambiwa, akajaribu tena kwa wale wanane, likakaa sawa. Mwaka 2018 V8 ilihamia Timsort, njia aliyoiandika Tim Peters kwa ajili ya lugha ya Python mwaka 2002, na kanuni za JavaScript za mwaka 2019 zikalazimisha utulivu kwa wote. Timsort ina busara nyingine: hutafuta kwanza vipande vilivyokwisha kupangika, ikavitumia vilivyo. Orodha za watu wa kweli mara nyingi huwa nusu zimepangwa tayari.

Jedwali likiwa na mistari 100,000, kuichora yote kunaikaba simu ya bei nafuu mpaka izime. Skrini inaonyesha mistari thelathini hivi. Ujanja ni kutengeneza mistari arobaini na kuizungusha: unapotelezesha kidole, mstari uliotoweka juu unachukuliwa, unavalishwa data mpya na kuwekwa chini. Ni sahani za harusini, chache zinazolisha ukumbi mzima mradi jikoni kuna anayeosha. Na kosa maarufu la kazi hii ni sahani isiyooshwa: umeweka tiki kwa mteja wa tatu, ukatelezesha, ukaikuta tiki hiyohiyo kwa mteja wa arobaini na tatu usiyemgusa. Mwandishi aliiweka tiki kwenye mstari wa skrini badala ya kuiweka kwenye kumbukumbu ya mteja. Picha hufanya vivyo hivyo. Ya mtu mmoja huchelewa kufika na kutua kwa mwingine. Ukiona orodha ndefu inateleza bila kukwama na kila picha iko kwa mwenyewe, kuna mtu aliyekesha.

Baada ya hapo yapo mambo ya uaminifu tu. Jedwali likionyesha sehemu, liseme linaonyesha sehemu. Likichujwa, kichujio kionekane, kwa sababu mhasibu atasoma jumla iliyo chini akidhani ni ya wote. Oktoba 2020 Uingereza ilijifunza hili kwa uchungu: matokeo ya vipimo vya korona yalikuwa yakipitishwa kwenye faili za Excel za aina ya zamani, ambazo haziwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Zilipojaa, iliyozidi ilidondoka kimya, na wagonjwa 15,841 wakakosekana katika hesabu za kati ya Septemba 25 na Oktoba 2. Waliopimwa waliambiwa majibu yao, lakini waliokutana nao walichelewa kutafutwa.

Hakuna hesabu ngumu iliyohitajika kulizuia jambo hilo. Mwenye kuandika sehemu ya kupokea faili huhesabu mistari inayoingia, akahesabu iliyohifadhiwa, akalinganisha, na zisipokuwa sawa hukataa kunyamaza. Nimewahi kuona ujumbe wa aina hiyo katika programu ndogo ya ofisi ya mkopo, ambayo aliyeitengeneza sikumjua: "Faili lina wanachama 3,212. Wamehifadhiwa 3,209. Hawa watatu hawakuingia." Chini yake jedwali lenye mistari mitatu, majina yao, na katika safu ya mwisho sababu ya kila mmoja, na kando ya kila sababu kitufe: "Sahihisha hapahapa."